Kipimo cha Boluti na Isnadi Yake

Katika kazi zote zifanywazo kwenye nyua za nyumba zetu hapa Maswa juu ya magari yetu wenyewe, hakuna inayodharauliwa kama kukaza boluti, kwani kila mwenye mkono hudhani kwamba anaijua. Wala hakuna ambayo madhara yake hukawia kudhihirika kama hiyo, maana boluti iliyokazwa kupita kiasi huweza kuvumilia msimu mzima wa mvua kabla ya kukatika, na nati iliyolegea kidogo huweza kwenda Bariadi na kurudi mara nyingi, ikijifungua taratibu, pasi na dereva kusikia lolote. Ndiyo sababu nimeona yafaa kuichambua kwa tafsili kazi moja iliyofanywa mjini hapa, ya kubadilisha gasketi ya silinda hedi katika gari la Toyota Probox. Si kwa ajili ya gasketi yenyewe, ambayo kuibadilisha si jambo geni kwa mafundi wetu, bali kwa ajili ya namna kipimo cha kukazia boluti zake kilivyotafutwa, kikahojiwa, kikathibitishwa, ndipo kikatumiwa.

Rai yangu katika jambo hili ni moja. Namba ya kukazia boluti ni ushahidi, na ushahidi haukubaliwi kwa kutamkwa tu: sharti ijulikane umetoka kwa nani, unahusu injini ipi na boluti ipi, uzi ukiwa mkavu au ukiwa na oili, na umenenwa kwa kipimo gani. Kama vile wanazuoni wasivyoipokea habari ambayo isnadi yake, yaani mlolongo wa walioisimulia, imekatika, hata ikiwa maneno yake ni mazuri na yanaelekea kuwa kweli, vivyo hivyo mwenye gari hapaswi kuipokea namba iliyomfikia kwa picha ya simu ambayo pembe zake zimekatwa, jina la injini halionekani, na aliyeituma naye aliipata kwa mwingine asiyemjua.

Gari lenyewe ni la namna tunayoiona kila siku kwenye barabara ya lami itokayo Mwigumbi hadi Lamadi, na kwenye njia za udongo mweusi wa mbuga ziendazo vijijini, likiwa limepakia abiria mbele na magunia ya dengu au choroko nyuma. Lilikuwa limechemka, gasketi ikaungua, na maji yakawa yanaingia katika oili. Mwenyewe, pamoja na fundi jirani yake, waliazimia kulifungua uani. Na madhali hedi hushikwa na boluti 10 ambazo nyuzi zake zimo ndani ya bloku ya aluminiamu, waliona mapema kwamba mkono pekee, hata uwe wa fundi wa miaka mingi, si mizani ya kutosha.

Inafaa kwanza tuelewe kwa nini haitoshi. Tunapokaza boluti tunadhani kwamba tunaisukuma iingie, ilhali kwa hakika tunaivuta irefuke; chuma hicho kikirefuka kidogo hutaka kurudi katika hali yake, na huko kutaka kurudi ndiko kunakovibana vitu viwili pamoja. Nguvu ya mkono haiendi yote huko. Karibu nusu yake huliwa na msuguano chini ya kichwa cha boluti, na takriban sehemu nne katika kumi huliwa na msuguano wa nyuzi, hata ikabaki kama sehemu moja tu katika kumi ya kuirefusha boluti yenyewe. Kwa hiyo mkono unaohisi ugumu unahisi zaidi msuguano kuliko kubana: boluti yenye kutu na mchanga huwa ngumu mapema ilhali haijabana kitu, na ile iliyopakwa grisi huzunguka kwa ulaini ilhali imekwisha kuvutwa kupita uwezo wake.

Hesabu ya nati za gurudumu huliweka jambo hili bayana. Nati za Probox, kama za magari mengi madogo ya Toyota, hukazwa kwa nyutoni-mita 103, na uzi wake una kipenyo cha milimita 12. Wahandisi hugawa kipimo cha kukazia kwa kipenyo cha uzi na kwa kadiri ya msuguano, ambayo kwa chuma kikavu huchukuliwa kuwa 0.2, na jawabu ni nguvu ya kubana ya takriban nyutoni 43,000 kwa kila nati, sawa na uzito wa tani nne na zaidi kidogo, na gurudumu moja lina nati nne. Sasa mtu mwenye nia njema akizipaka nyuzi hizo grisi zisishike kutu, kadiri ya msuguano hushuka hadi kama 0.15, na kwa kipimo kile kile cha 103 nguvu ya kubana hupanda hadi 57,000, yaani kwa theluthi nzima, bila spana kumwambia chochote. Namba haikubadilika, sharti lake ndilo lililovunjwa.

Kazi ya kuitafuta namba ilianza, kama ipasavyo, si kwa kutafuta namba bali kwa kulitambua gari. Chini ya boneti kuna kibati kilichoandikwa aina ya gari, injini na namba ya fremu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17 wanayoijua Wazungu na Wamarekani, na wengi huishia hapo wanapotafuta vitabu vya matengenezo, wakidhani kwamba gari lao halimo. Walakini kibati husema NCP51, na husema 1NZ-FE, na hayo mawili yanatosha. Kibati hicho hicho hutaja ukubwa wa injini kuwa 1496, ilhali vitabu vya Kiingereza hutaja 1497, na jambo hilo lilimtia shaka mwenye gari. Shaka yake ilikuwa njema lakini haina msingi: silinda nne zenye kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa milimita 84.7 huleta sentimita za ujazo 1496 na sehemu nane katika kumi, na mmoja amekata desimali pale ambapo mwingine ameikamilisha.

Injini ikishajulikana, mlango hufunguka. Kitabu cha Probox chenyewe ni cha Kijapani, na si rahisi kukipata katika mkoa wa Simiyu. Lakini 1NZ-FE haikuwekwa katika Probox peke yake. Imo katika baadhi ya Vitz, Platz, Funcargo na IST tunazoziona barabarani, na imo pia katika Toyota Echo iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1999 na katika Yaris iliyoifuata, magari ambayo vitabu vyake vya matengenezo viliandikwa kwa Kiingereza na Toyota yenyewe. Katika vitabu hivyo boluti za hedi za 1NZ-FE zina amri ya hatua tatu: kwanza kukazwa kwa nyutoni-mita 29, kisha kuzungushwa nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko, kisha robo nyingine. Hapa isnadi imekamilika kwa upande wa injini, maana mtengenezaji ni mmoja, injini ni ile ile, na kitabu ni chake. Wala mtu asiyejua Kijapani asivunjike moyo kitabu cha Kijapani kikimfikia, kwani michoro yake, tarakimu zake na herufi za vipimo husomeka kwa kila mtu.

Kuna njia moja ya kuihoji namba ya Kijapani ambayo sijaona ikifundishwa, nami nataka kuieleza kwa urefu, kwa kuwa ni ya manufaa makubwa na haihitaji chombo chochote. Namba kama 103, 29 na 216 (hii ya mwisho ni ya nati kubwa ya ekseli ya mbele katika magari ya ukoo wa Echo) huonekana kuwa za ajabu. Kwa nini mhandisi achague 103 wala si 100? Sababu ni kwamba hakuchagua 103. Wahandisi wa Japani walikuwa wakifikiri kwa kilo na sentimita, na hawakuviacha vipimo hivyo katika shughuli rasmi mpaka Oktoba 1999, sheria yao mpya ya vipimo ya mwaka 1992 ilipomaliza muda wa mpito. Nati ya gurudumu iliamriwa kuwa kilo-sentimita 1050, boluti ya hedi 300, nati ya ekseli 2200. Na ukizidisha kila moja kwa 0.0981 utapata 103, 29 na 216 ukishakamilisha desimali. Basi namba ya injini ya zama hizo ikikufikia, igeuze katika kipimo cha kale: ikitua kwenye namba timamu au jirani nayo kabisa, una dalili njema kwamba haikuharibiwa njiani, ikitua mahali pa ajabu, kama vile 287, uliza tena. Hii ni dalili tu, si hoja ya kukata shauri, maana injini mpya zaidi zimeandikwa moja kwa moja kwa nyutoni.

Mipaka ya dalili hiyo ilidhihirika mara moja, kwa sababu walikuwa wamepewa namba nyingine na mtu aliyeapa kwamba ni ya injini yao: nyutoni-mita 49, kisha robo mzunguko mmoja tu. Nayo ukiigeuza hutua kwenye 500, namba timamu kabisa, maana ni namba ya kweli. Ila ni ya 1ZZ-FE, injini ya lita 1.8 ya Corolla na jamaa zake. Herufi moja, N kwa Z, ndiyo tofauti yote katika jina. Lau wangeikubali, hatua ya kwanza ingezidi kwa zaidi ya nusu, na ya tatu isingekuwako kabisa.

Hiyo ndiyo hatari ya kwanza, ya jina. Hatari ya pili ni ya kipimo. Spana nyingi za toki, yaani zenye kupima ukazaji, zina safu mbili, moja ya nyutoni-mita na moja ya ratili-futi, na ratili-futi moja ni nyutoni-mita 1.356, hivyo mwenye kusoma 29 akaiweka kwenye safu ya ratili atakaza 39. Hatari ya tatu ni yetu sisi hasa, kwa kuwa mafundi wetu huzitaja boluti kwa spana inayozifungua. Boluti ya namba 12 kwa fundi ni ile inayoshikwa na spana ya 12, ilhali majedwali ya vitabu huhesabu kipenyo cha uzi, na boluti ya Kijapani yenye kichwa cha 12 ina uzi wa milimita 8 tu. Katika jedwali la Toyota la boluti za kawaida, boluti ya daraja la 7T yenye uzi wa 8 hukazwa kwa 25, na yenye uzi wa 12 hukazwa kwa 95. Basi atakayeingia katika jedwali kwa namba ya spana atakaza karibu mara nne ya inavyopaswa, na boluti itakatika mkononi mwake au, vibaya zaidi, itachuna nyuzi za aluminiamu.

Namba ilikuwa imepatikana; kilichobaki ni kuitia mkononi. Waliazima spana ya toki, ile itoayo mlio ikifika kipimo, na wala hawakuiamini kwa kuwa ina sura njema. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 huiruhusu spana ya namna hii kukosea kwa sehemu nne katika mia, na hutaka ihakikiwe kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000. Hii ya kuazimwa hapana aliyejua imekaza mara ngapi. Waliibana ncha yake katika jiliwa, mkono wake ukiwa umelala sawa, wakaitundikia ndoo ya lita 20 kwenye mshiko, sentimita 50 toka katikati ya ncha. Maji ya lita 20 yana kilo 20, ndoo yenyewe ilipimwa ikawa na kilo moja; kilo 21 mara sentimita 50 ni kilo-sentimita 1050, yaani hasa kile kipimo cha nati ya gurudumu. Spana iliwekwa kwenye 103, maji yakatiwa kidogo kidogo kwa kikombe, na mlio ukasikika ndoo ilipokaribia kujaa. Na baada ya kuuhesabia uzito wa spana yenyewe, ambao nao huvuta chini, kosa likawa ndani ya sehemu nne katika mia.

Kwa magurudumu, basi, spana ile ilifaa. Kwa hedi haikufaa, na hapa ndipo ninapousifu uangalifu wao kuliko mahali pengine popote. Ilikuwa ni spana ya kufika nyutoni-mita 210, na ahadi ya usahihi huanza kwenye sehemu ya tano ya upeo wa chombo, yaani 42. Chini ya hapo alama zimechorwa, lakini hazina dhamana. Namba 29 ilikuwa chini ya hapo. Ndipo walipochukua mizani ndogo ya kutundika, wakaifunga kwenye bomba lililochomekwa katika mkono wa racheti, mita moja kamili toka katikati ya boluti, na kuvuta mpaka isome kilo 3. Kilo 3 mara sentimita 100 ni 300, na 300 ndiyo 29 ya kitabu. Boluti za hedi husimama wima, kwa hiyo bomba hulala na kuzunguka mlalo na uzito wake hauingii katika hesabu, tofauti na nati ya gurudumu, ambako bomba la kilo 2 lenye urefu wa mita moja likilala mlalo huongeza peke yake karibu nyutoni-mita 10. Sharti lililobaki ni kuvuta kwa pembe mraba: ukikengeuka nyuzi 10 unapoteza sehemu moja na nusu tu katika mia, lakini ukikengeuka nyuzi 30 unapoteza 13.

Mizani hiyo ilikuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo, na sidhani kwamba katika nchi ya pamba jambo hilo linahitaji kutetewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya kuundwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, wakulima wa Usukuma, wakiwa na Paul Bomani miongoni mwa viongozi wao, waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba ili kuzichunga mizani za wanunuzi, na ushirika mkubwa wa kanda hii ulikulia katika dai hilo la ratili ya haki. Watu waliojenga chama juu ya uaminifu wa mizani wana haki ya kudai uaminifu huo huo katika spana.

Ukazaji wenyewe ulikwenda kwa taratibu zilizoandikwa. Matundu ya boluti yalikaushwa kwa kitambaa na upepo, maana maji au oili iliyotuama chini ya tundu haibanwi, na boluti ikishuka juu yake huweza kuipasua bloku. Nyuzi na sehemu ya chini ya vichwa vilipakwa oili kidogo ya injini, kwa kuwa namba 29 imeandikwa kwa hali hiyo wala si kwa uzi mkavu. Boluti zilikazwa kutoka katikati kwenda pembeni, zote 10 kwa hatua ya kwanza. Kisha mbele ya kila kichwa ikatiwa alama ya rangi, na kwa alama hiyo robo ya kwanza na robo ya pili zikaonekana kwa macho. Robo hizo mbili ndizo zinazobana hedi kwa kweli, na uzuri wake ni kwamba hazitegemei msuguano: uzi wenye hatua ya milimita 1.25 ukizungushwa robo husonga milimita 0.31, uwe mkavu au uwe na oili. Kwa hiyo kosa dogo katika hatua ya kwanza husameheka, na kosa katika pembe halisameheki. Boluti zenyewe, kwa kuwa huvutwa mpaka karibu na ukomo wa unyumbufu wake, hupimwa kabla ya kurudishwa, na zilizopita kipimo cha kitabu hazirudi.

Magurudumu yalirudishwa kwa 103, nyuzi zikiwa safi na kavu, nati zikikazwa kwa kukingama wala si kwa kufuatana, na zikakaguliwa tena baada ya safari ya kwanza ya Bariadi.

Ilibaki kazi moja ambayo kitabu cha Echo hakikuweza kuitolea ushahidi. Mwenye gari alibadilisha pia shokapu za nyuma, na nyuma ya Probox iliundwa kwa ajili ya kubeba mizigo. Udugu wa injini si udugu wa ekseli, na kuchukua namba za nyuma katika gari dogo la abiria kungekuwa ni kuunganisha isnadi mahali ilipokatika. Hapo walirejea kwenye jedwali la jumla la Toyota: wakasoma alama ya 7 juu ya kichwa cha boluti, wakapima uzi kwa kalipa na kuukuta ni wa milimita 10, na jedwali likawapa 52. Boluti hizo zilishikwa kwanza kwa kulegea, zikakazwa gari likiwa limekwisha kushushwa chini na kubeba uzito wake, kwa sababu mpira wa ndani ukibanwa gari likiwa juu ya jeki hubaki umepindika na huchanika mapema. Kisha mstari wa rangi ukapigwa toka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani, ili kulegea kokote kuonekane, na katika daftari la gari, kando ya 52, ikaandikwa kwamba ni namba ya jedwali la jumla na si ya Probox, ikae hivyo mpaka kitabu cha gari lenyewe kitakapopatikana.